Maktaba ya Kitambaa

Jumanne, tarehe 3 Machi

Nimeitwa! Barua pepe imeingia asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Nimeisoma, nikameza dawa ya meno. Kampuni ya magodoro, nafasi ya msimamizi wa ghala, usaili Ijumaa saa tano kwa njia ya video. Hakuna kwenda ofisini wala kubanana kwenye benchi na watu wengine mkitazamana viatu. Mtu unakaa nyumbani, kazi yenyewe inakufuata. Dunia imestaarabika.

Nyumbani kwenyewe ni kwa Dada. Niko kwake tangu lile duka nililokuwa natunza stoo lilipofungwa. Dada ni muuguzi, anatoka zamu miguu imevimba, na bado ananiuliza mimi kama nimekula. Nilipomwonyesha barua alifurahi mpaka akanikumbatia na mwiko mkononi. Halafu akanikumbusha kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba nikikosa hii, Jumamosi ya wiki ijayo Mjomba ananipitia na pikapu.

Mjomba anafuga kuku. Huko anakoishi hata mtandao unafika umechoka. Anataka mtu wa kulala kule kule kwenye mabanda. Nilienda mara moja tu, jogoo wake akanikimbiza mpaka nikapanda juu ya tangi la maji, nikakaa huko hadi Mjomba aliporudi kutoka sokoni. Siendi tena. Haki ya Mungu siendi.

Barua inasema niwe na mandhari tulivu nyuma yangu. Nimegeuka nikaangalia. Kuna kabati la vyombo la Dada, saa ya ukutani iliyosimama, na kalenda ya duka la dawa yenye picha ya mtoto anayepimwa masikio. Hiyo ni tulivu? Sijui. Mtoto anaonekana anataka kulia.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Mambo yameanza kuharibika. Pasi naye ameitwa!

Pasi ni jirani yetu wa ghorofa ya juu, mdogo kwangu kwa umri. Tunamwita hivyo kwa sababu anapiga pasi kila kitu, mpaka soksi, mpaka taulo. Mwezi uliopita nilimwonyesha lile tangazo la kazi ili nimkoge tu, ajue mwenzake niko mbioni. Sikumwonyesha ili aombe! Leo nimemkuta kwenye ngazi, meno yote nje, anasema wamemwita Ijumaa hiyo hiyo. Akanishukuru. Amenishukuru! Nilicheka naye.

Nikafikiri haraka. Nikamvuta pembeni nikamwambia usaili wa video una adabu zake ambazo wengi hawazijui. Mtu hakai. Unasimama mwanzo hadi mwisho kama askari kwenye gwaride, ukikaa tu, alama zimekwenda. Akauliza kama ni kweli. Nikasema nimesoma mahali. Akanishukuru tena, mjinga yule.

Jioni Dada alinifanyia usaili wa majaribio akimenya vitunguu. Akauliza udhaifu wangu ni upi. Nikajibu kwamba naipenda kazi kupita kiasi. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Akauliza tena: nikikuta magodoro yamepungua ghalani nitafanya nini? Nikasema nitaunda kamati. Akauliza kama sitaanza kwa kuhesabu upya. Nikasema hilo nalo kamati italiangalia.

Akaweka kisu chini. Akasema mdogo wangu, stoo yako ilikuwa safi kuliko ya hospitali yetu, na hakuna siku kitu kilipotea mikononi mwako. Sema hivyo tu. Kaa sebuleni kwangu, ukuta nimeupaka rangi juzi, uongee ukweli, basi. Amebadilishana zamu na mwenzake ili Ijumaa awe nyumbani alinde kimya.

Maskini Dada. Anajua sindano, mambo ya ofisi hayajui. Msimamizi wa ghala zima anakaaje mbele ya kabati la vikombe?

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimepata dawa!

Mpiga picha wa pale kona ana vitambaa vikubwa vya kutundika nyuma ya wateja, na kimoja kimechorwa maktaba. Rafu kutoka chini mpaka juu. Vitabu vinene vyenye majina mgongoni: SHERIA, UCHUMI, HISTORIA YA DUNIA. Pembeni kulia, chungu cha maua. Nilipokaa mbele yake nilijiona msomi. Hata kukohoa nilianza kukohoa kisomi.

Studio ina mtandao mzuri na taa mbili kali. Hakutaka hela, alitaka sura yangu. Picha ya bwana harusi aliyoitundika dirishani imepauka kwa jua, anahitaji mpya. Nikavaa suti ya studio. Bibi harusi hakuwepo. Nikasimama peke yangu, mkono nimeunyoosha nimeshika hewa, natabasamu. Amesema bibi harusi atamtafuta baadaye amwingize kwa kompyuta.

Kanipa kesho saa tano. Saa nne, anasema, kuna mteja mwingine. Mlangoni nimepishana na Pasi anaingia. Nikamuuliza amefuata nini, akababaika, akasema picha za pasipoti. Nilimsikitikia. Mtu ana usaili kesho, yeye anahangaika na pasipoti! Anasafiri kwenda wapi?

Tatizo lilikuwa moja. Tulipoijaribu simu, nikaona maandishi ya vitabu yamegeuka. HISTORIA inaanzia mwisho. Mpiga picha akanieleza kwamba simu inanionyesha mimi hivyo, kama kioo cha kujitazamia, ila watu wa upande wa pili wanaona sawasawa. Nilimtazama tu. Yaani mimi nione yamegeuka kwa macho yangu haya, wao waone yamenyooka? Wao wana macho ya nani? Kitambaa chenyewe ni chepesi, rangi imepenya mpaka nyuma. Nikamwambia zamu yangu ikifika akigeuze, mgongo uwe uso. Akashika kichwa. Tukajaribu, na kwenye simu maandishi yakanyooka kabisa! Mpiga picha alikaa kwenye kiti chake akaanza kufuta kamera. Nimemshinda kwenye kazi yake mwenyewe.

Dada sijamwambia. Ameshafua mapazia ya sebuleni.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Sijui nimefanya nini leo. Naandika ili nielewe.

Nilijifungia sebuleni, nikamwambia Dada asiruhusu mtu kugonga. Nikatoka kupitia dirishani viatu mkononi, nikatua kwenye ndoo, nikatimua mbio. Pale studio nikamkuta Pasi anatoka, jasho linamtiririka, shati limenyooka vilevile. Akasema amechoka kusimama. Nikamwambia pole, hizi picha za pasipoti siku hizi zinachukua muda. Akanitazama kama hanielewi. Sikuwa na nafasi ya kumwelewesha.

Video ikafunguka. Walikuwa watatu. Mama mmoja wa miwani, ndiye mwenyekiti. Kijana wa idara ya utumishi. Na kisanduku cheusi kisicho na sura ya mtu, kinakohoa tu. Nikasalimia. Hawakuitika. Walikuwa wanatazama nyuma yangu.

Mama wa Miwani akauliza, kwa adabu kabisa, kama mtaani kwetu kila nyumba ina maktaba. Maana mwombaji aliyetangulia alikuwa na hii hii, vitabu hivi hivi, rafu hizi hizi. Ila kwake chungu cha maua kilikuwa kulia, na kwangu kiko kushoto.

Pasi! Pasipoti! Kumbe!

Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema yule ni mdogo wangu. Ndugu yangu wa damu. Tunaishi nyumba moja, maktaba ni moja, yeye hukaa upande ule wa chumba na mimi upande huu, ndiyo maana chungu kinahama. Kijana wa Utumishi akasema mbona majina ya baba hayafanani. Nikasema baba yetu alikuwa mtu wa majina mengi. Akauliza mbona maandishi ya vitabu vyangu yanasomeka kinyumenyume. Nikasema ni vitabu vya kigeni. Kisanduku cheusi kikakohoa muda mrefu.

Kinyumenyume? Lakini mimi nilikuwa nayaona yamenyooka! Mpaka sasa sielewi.

Halafu Kijana akasema mdogo wangu amesimama usaili mzima kwa heshima, hawajapata kuona kitu kama kile, je, ndivyo tulivyolelewa nyumbani? Ningesemaje? Nikasimama. Kichwa kikatoka nje ya picha. Mpiga picha, kwa ustadi wake, akainua simu kunifuata, na juu ya kitambaa ukaonekana ubao: PASIPOTI, HARUSI, MAHAFALI, UNAPATA HUKU UKISUBIRI. Nikasema ni biashara ya familia.

Mama wa Miwani akavua miwani akaifuta. Akasema basi, kwa kuwa hakuna anayemjua mwombaji yule kuliko kaka yake, niwaambie ni mtu wa namna gani. Hapo ndipo niliponaswa. Nimponde, nitakuwa naponda familia yangu. Nikamsifu kidogo. Wakaandika. Nikaona wanaandika, nikamsifu zaidi. Nikasema haibi, hachelewi, hajawahi kuinua sauti mbele ya mama yetu, na kila ninachokijua kuhusu mpangilio nimejifunza kwake. Nilivyomaliza, mimi mwenyewe ningemwajiri.

Kuhusu mimi waliniuliza swali moja tu: stoo niliyoisimamia ilikuwaje? Nilikuwa nimechoka, nikajibu ilikuwa safi na hakuna kilichopotea. Mama wa Miwani akainua macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Sijui kwa nini. Jibu fupi vile, halina hata kamati.

Nikarudi kupitia dirishani, nikatengeneza kola, nikafungua mlango wa sebule. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda hapo mlangoni. Muda wote. Amefukuza watoto wa jirani, amemnyamazisha muuza maji, hakupika ili sufuria zisigongane. Akanishika mkono, akasema nimeongea kwa utulivu kweli, hajasikia hata neno moja.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kuchoma kifua. Nilitaka kumwambia pale pale. Halafu akaniletea chai, nikaona si vizuri kumharibia siku.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Pasi amepata kazi. Yeye. Kazi yangu.

Amekuja kuniambia mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kununa, akanikuta nimenuna hivyo hivyo, akanikumbatia. Akasema wamempigia simu wakamsomea maneno niliyosema juu yake, na tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumsema hivyo, hata baba yake mzazi. Akalia. Machozi yakadondoka kwenye shati akayapangusa haraka lisikunjike. Akasema hakuwakatalia kwamba sisi ni ndugu, kwa sababu hakutaka kuniumbua, na pia kwa sababu alipenda. Kuanzia leo ananiita Kaka.

Sikujua nifanye nini. Nilimchukia, na mkono wangu ukawa unampigapiga mgongoni. Nikamwambia asilie. Nikamwambia anastahili. Sasa hilo nalo nimelitoa wapi?

Dada alisikia. Pasi alipotoka, Dada akaniuliza ni maktaba gani hiyo tuliyokuwa tunaizungumza. Nikasema ni msemo wa ofisini.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Balaa. Dada akitoka kazini amepita pale kona. Amenikuta dirishani. Bwana harusi, mzima mzima, natabasamu, na pembeni yangu mwanamke nisiyemjua, ameingizwa kwa kompyuta, kanizidi urefu na mkono wake mmoja unapita ndani ya tumbo langu.

Akaingia kuuliza nimeoa lini. Mpiga picha akamweleza yote. Yote! Kitambaa, saa tano, mgongo kuwa uso. Yule mtu hajui siri ni nini.

Nilisubiri nifokewe. Nilikuwa na majibu tayari. Dada hakufoka. Alivua viatu, akakaa, akasema ile Ijumaa alimfukuza hata mama mjamzito aliyekuja kuomba dawa ya kichefuchefu, kwa sababu mdogo wake alikuwa kwenye usaili. Akasema alikuwa analinda chumba kitupu. Basi. Akaenda kulala.

Angefoka tu, ningeelewa. Majibu yangu yote yalikuwa ya kufokewa.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Simu! Mama wa Miwani mwenyewe! Dada alikuwa karibu, akaniambia niweke spika.

Mama wa Miwani akasema ghala linahitaji msimamizi msaidizi. Kwamba katika wote waliosailiwa, jibu langu kuhusu stoo lilimpendeza. Na kwamba amempigia yule mwenye duka la zamani, akamhakikishia kwamba ni kweli. Halafu akasema kikwazo ni kimoja. Sheria ya kampuni hairuhusu ndugu wawili kufanya kazi ghala moja.



Akauliza kama nina hakika kabisa kwamba yule ni mdogo wangu. Akasema, taratibu, kwamba watu wakiwa kwenye usaili huwa wanaogopa, wanasema mambo, na kama si ndugu yangu niseme tu, yaishe, Jumatatu nianze kazi.

Dada alisimama mbele yangu. Akawa ananionyesha kwa midomo bila sauti: si-ndu-gu-ya-ngu. Anarudia. Mikono ameifumbata kifuani. Sijawahi kumwona Dada ananiomba kitu.

Nikafungua mdomo. Kweli nilitaka kusema. Lakini nikawaza: ni mtego! Mwanamke msomi vile, awe mpole bure bure? Anataka nikiri uongo, aniandike mwongo. Nikasema kwa sauti imara kwamba yule ni mdogo wangu wa tumbo moja na siwezi kumkana. Dada akafumba macho. Nikaendelea. Nikasema ila, kwa bahati nzuri, mimi nina pacha wangu. Tumefanana kila kitu. Stoo ile tuliitunza pamoja. Yeye kwa sasa hana kazi, wamchukue yeye badala yangu.

Nyuma ya Mama wa Miwani nikasikia kile kisanduku cheusi kinakohoa. Kijana wa Utumishi alitoa sauti fulani kama anasukutua koo. Halafu Mama wa Miwani akasema vizuri, huyo pacha apige kwa video Jumatatu, wangependa sana kumwona. Alisema sana.

Nimeshinda! Nilirukaruka. Nilipogeuka Dada hayupo. Alikuwa chumbani kwangu, anakunja nguo zangu anaziweka kwenye begi. Alikuwa analia, anazikunja vizuri vilevile. Nikamwambia kazi nimeshaipata, imebaki kidogo tu. Akasema Mjomba atafika Jumamosi asubuhi. Sijui hakuelewa wapi.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Niko kwa Mjomba. Nimelala juu ya magunia ya pumba. Godoro hakuna.

Jogoo yule bado yupo, na amenikumbuka. Lakini sijali, mimi ni mpita njia tu hapa. Kesho ni usaili wa pacha wangu. Nimenyoa masharubu ili tutofautiane kidogo. Nimeamua pacha wangu azungumze polepole kuliko mimi na awe anapenda hesabu. Mtandao unapatikana juu ya tangi la maji tu, kwa hiyo ataonekana na anga tupu nyuma yake. Mandhari tulivu kuliko hiyo sidhani kama ipo.

Dada amepiga simu mchana. Akauliza kama nimekula. Akasema nafasi bado ipo, amempigia Mama wa Miwani mwenyewe kuniombea radhi, na ameahidiwa wataisubiri mpaka kesho saa tano. Kwamba niseme ukweli tu, hata kwa sentensi moja. Alikuwa ananong'ona, nadhani yuko kazini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu nimekipanga. Laini ikakatika. Mtandao wa huku ni mbovu sana.

Jioni wakati tunalisha kuku nikamweleza Mjomba mpango wote. Alisikiliza, kopo la chakula mkononi. Halafu akasema mpwa wangu, kama Pasi ni mdogo wako wa tumbo moja, na huyu naye ni pacha wako, huyu pacha si atakuwa kaka yake Pasi vilevile?

Mjomba anapenda kuchanganya mambo. Mtu aliyezoea kuku hawezi kuelewa usaili. Nimejilaza nikawaza jambo lake, nikawaza tena, kichwa kikaanza kuuma. Ila sasa nimeshapata jibu na nimetulia kabisa. Pacha wangu ni wa baba mwingine na mama mwingine. Wakiniuliza, nitawaambia hivyo. Wasipouliza, nitawaambia mwenyewe.